Land Rover Dormobile: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuinunua na kuifufua

Haya ni maswali ninayoulizwa kila nikiegesha gari hili mahali penye watu, na mengine huja kwenye simu usiku. Waulizaji wengi ni watu wa kwetu wanaoishi Uingereza. Wengine wako Arusha, Moshi au Nairobi, wamekulia nyuma ya Land Rover 109 na wanazijua kuliko mimi. Ndiyo maana nawaonya mapema: mazoea yetu ya kufungua boneti kwanza hayafai hapa. Kwa Dormobile, anza juu, kwenye paa.

## Kulijua gari lenyewe

Hii ni Land Rover au ni nyumba?

Ni Land Rover iliyogeuzwa kuwa nyumba ya safari. Gari lilitoka kiwandani Solihull, kisha likapelekwa Folkestone, mji wa pwani ya Kent, kwa kampuni ya Martin Walter. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1773 ikitengeneza hatamu na matandiko ya farasi, ikahamia kwenye bodi za magari, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuyageuza magari madogo ya mizigo aina ya Bedford CA kuwa magari ya kulala. Jina waliloyapa, Dormobile, lilikolea Uingereza kiasi kwamba wazee wa huku huita kila gari la kulala Dormobile, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti.

Majibu ya hapa chini yanahusu Land Rover 109 ya Series II (1958 hadi 1961) na IIA (1961 hadi 1971). Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, karibu mita 2.77. Kutoka bampa hadi bampa ni kama mita 4.45 tu, fupi kuliko Toyota Noah.

Wanalala watu wangapi?

Wanne kwa maelezo ya kiwanda. Chini, viti vinalazwa na kuwa kitanda. Juu, paa la faiba linafunguka kwa ubavu kama kifuniko cha sanduku, linavuta turubai lenye mistari, na pembeni unatundika machela mbili. Machela hizo zinawafaa watoto. Mtu mzima atapanda akicheka, ila asubuhi mgongo utamuuma.

Kwa nini zimebaki chache?

Kwa sababu zilifanya kazi. Familia ilipochoka na safari, gari lilienda shambani, makabati yakang'olewa ili kondoo wapate nafasi. Turubai lilipoanza kuvuja, ilikuwa rahisi kulitupa paa zima na kufunga bati la kawaida kuliko kulishona. Leo kuna 109 nyingi zinazotembea ambazo ziliwahi kuwa Dormobile, na wenyewe hawajui.

Nitajuaje kama ni ya kweli?

Tafuta kibati cha Martin Walter chenye namba ya kazi yao. Kisha angalia viti: viti vyao vinavyokunjika vina bawaba za pekee ambazo fundi wa mtaani hakuwa na sababu ya kuziiga. Angalia pia mashimo. Kama makabati yameng'olewa, sakafu na kuta bado zitakuwa na alama za skrubu mahali jiko na sinki vilipokaa.

Makavazi ya Gaydon, yanayotunza kumbukumbu za viwanda vya magari vya Uingereza, hutoa cheti cha namba ya chasisi kinachoonyesha tarehe gari lilipotoka na lilipopelekwa. Ukikuta lilipelekwa kwa Martin Walter, mjadala umeisha.

## Kununua

Niangalie nini kwanza?

Paa. Mwambie muuzaji alifungue mbele yako, halafu alifunge. Wengi watakuonyesha picha yake likiwa wazi, au watasema limekaza kidogo kwa baridi. Lifunguliwe. Turubai kuukuu huwa limekauka kama karatasi ya gazeti la zamani, na mahali pa kwanza kukatika ni pale linapokunjwa kila siku.

Kagua faiba kuzunguka bawaba. Nyufa ndogo za juu juu, kama za chungu, si tatizo. Ufa unaopita hadi ndani karibu na bawaba maana yake paa limewahi kupigwa na upepo likiwa wazi, au limelazimishwa. Mwisho omba ndoo ya maji, mwagia kwenye ungio la faiba na bodi, kaa ndani dakika kumi na kiganja chako kikiwa kwenye pembe za juu.

Najua watu wetu wanaona hili ni kupoteza muda wakati injini haijawashwa. Injini ya 109 ipo kila mahali. Hata ikiwa imekufa kabisa, utapata nyingine. Paa lenye bawaba zake zote, vyuma vyake vyote na viti vyake vyote ndilo linalokosekana.

Bodi ni alumini. Kutu inatoka wapi?

Bodi ni alumini, lakini chasisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na kabini ni chuma pia. Hivi viwili ndivyo vinavyoamua kama unanunua gari au unanunua mradi wa miaka mitano.

Nenda na nyundo ndogo na bisibisi butu, omba ruhusa, lala chini ya gari. Gonga boriti ya nyuma kabisa ya chasisi, kisha mikono inayotoka pembeni kushika bodi, kisha pale springi za nyuma zinaposhikilia chasisi, kisha ncha mbili za mbele nyuma ya bampa. Chuma kizima hulia na sauti inakaa. Chuma kilichoisha hujibu "du", kama umegonga gogo bichi, na maganda yanakumwagikia usoni. Jihadhari na lami nyeusi nzito iliyopakwa juzi: chini ya lami hiyo nimewahi kukuta kiraka cha bati la mlango wa friji, maandishi bado yanasomeka.

Ukitoka chini, fungua mlango wa mbele. Sukuma zulia. Sehemu za kuwekea miguu na kitako cha nguzo zinazobeba bawaba za milango ndizo huoza kwanza. Halafu pembe za juu, chini ya kioo cha mbele. Mlango unaoshuka ukiufungua si bawaba mbovu tu, ni nguzo iliyochoka.

Alumini nayo ina ugonjwa wake. Pale inapogusana na chuma na unyevu ukaingia, inaliwa na kuacha unga mweupe kama chumvi. Rangi inafura malengelenge. Kidole kikipita kinatoka cheupe.

Injini na gia je?

Injini ya kawaida ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Ni injini mvumilivu. Kuanzia 1967 baadhi ya 109 zilikuja na silinda sita, sentimita za ujazo 2,625: inavuta kwa ulaini zaidi, inakunywa zaidi, na spea zake ni ghali.

Gia ya kwanza na ya pili kwenye II na IIA hazina sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, kwa hiyo zitakwaruza ukizilazimisha. Hilo si kosa la gari. Kinachopaswa kukutia shaka ni gia kuruka yenyewe unapoachia mafuta ukishuka mlima. Kwenye ekseli ya mbele angalia mipira mikubwa ya chuma nyuma ya magurudumu. Ikiwa uso wake umeparuzika kwa kutu, mafuta yatavuja hata ukibadilisha sili kila mwezi.

Karatasi gani ni za lazima Uingereza?

Hati ya usajili inayoitwa V5C. Namba ya chasisi iliyoandikwa humo lazima ilingane na iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, sehemu ya mbele kulia karibu na springi, si ile ya kibati cha ndani peke yake. Vibati vinahamishika. Nimewahi kuonyeshwa gari lenye namba mbili tofauti, mwenyewe ananiambia kwa uso mkavu kwamba ya pili ni ya redio.

Gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusajiliwa kama gari la kihistoria: halilipi kodi ya barabara, na kama halijabadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita, halilazimiki ukaguzi wa kila mwaka. Likiwa kwenye daraja hilo, tozo ya hewa chafu ya London, ULEZ, nayo hailigusi. Mimi hulipeleka ukaguzini hata hivyo. Pauni chache kwa mtu mwingine kuangalia breki zangu ni bei nzuri.

Bei ikoje?

Mzigo uliolala shambani huuzwa kwa maelfu kadhaa ya pauni, na lililofufuliwa vizuri linaingia makumi ya maelfu. Tofauti kati ya hayo mawili huwa ndogo kuliko gharama ya kulifufua. Kama una fedha na huna muda, nunua lililokamilika, mwache mwingine aumie. Kama una muda na karakana, nunua lenye injini mbovu na paa zima, kamwe usinunue kinyume chake.

## Kufufua

Nianzie wapi?

Anza na simu: piga picha mia tatu kabla hujafungua boliti hata moja. Kila waya, kila kabati, kila upande wa bawaba. Miezi minane baadaye hutakumbuka spesa nyembamba ilikaa juu au chini.

Halafu usibomoe gari zima kwa wikiendi moja ya hamasa. Magari mengi ya aina hii yanayouzwa yakiwa ndani ya masanduku yalianza hivyo. Chasisi kwanza, kisha ule ukuta wa chuma, kisha ekseli na breki, injini, bodi, na mambo ya ndani mwisho. Ila turubai liagize mapema, linachukua muda kushonwa.

Chasisi niichomelee au ninunue mpya?

Ikiwa imeoza boriti ya nyuma na mikono miwili mitatu tu, chomelea. Vipande vyake vinauzwa tayari vimekatwa. Ikiwa bisibisi inaingia kwenye mihimili mikuu miwili yenyewe, acha. Uingereza kuna viwanda vinavyotengeneza chasisi mpya ya muundo uleule, imechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, na itakuzika wewe. Gharama ni pauni elfu kadhaa, na kazi ya kuhamisha kila kitu ni kubwa. Hifadhi kipande cha chasisi ya zamani chenye namba pamoja na risiti za mpya, kwa sababu ya yale niliyosema kwenye swali la karatasi.

Alumini inachomelewaje?

Si kwa mashine ya geti la nyumbani. Inahitaji gesi ya argoni na mkono uliotulia, maana inayeyuka ghafla bila kubadilika rangi kukupa onyo. Mbonyeo mdogo uache. Gari la miaka sitini lisilo na mbonyeo linanitia wasiwasi. Unaporudisha bodi kwenye chuma, weka mpira au mpako wa kuzuia maji katikati, la sivyo ule unga mweupe utarudi.

Turubai jipya linapatikana?

Linapatikana. Jina la Dormobile lilifufuliwa, na turubai na vipande vya paa vinatengenezwa tena Uingereza. Usimpe fundi wa mahema akushonee kwa kukisia. Paa linafunguka kwa ubavu, kwa hiyo upande mmoja ni mrefu na mwingine ni mfupi, na kosa la sentimita mbili linakufanya usiweze kulifunga.

Lipachike siku yenye jua, turubai likiwa laini. Na baada ya kila safari ya mvua fungua paa tena ukifika nyumbani, turubai likauke. Turubai lililokunjwa na maji kwa wiki moja linaota ukungu mweusi, na ukungu huo hautoki.

Viti na makabati nifanye upya yote?

Kitambaa na sponji, ndiyo. Vyuma, hapana. Hapa nina kidonda. Nilipeleka viti vyangu kwenye karakana moja ya kushona viti, nikaeleza rangi na mshono, nikasahau kusema neno moja kuhusu bawaba. Vilirudi vizuri mno, ngozi ya kijani, mishono imenyooka, na miguu mipya isiyokunjika. Zile bawaba, fundi aliona ni takataka zenye kutu. Alikuwa mkweli, alinionyesha hadi pipa. Lilikuwa tupu.

Nilizunguka masoko ya vipuri chakavu miezi kumi na moja kupata jozi nyingine. Kwa hiyo: fungua bawaba wewe mwenyewe, zitie kwenye kopo, kopo litie chumbani kwako.

Umeme una siri gani?

Hadi miaka ya 1960, Land Rover zilikuwa na ncha chanya ya betri iliyounganishwa na bodi, kinyume na magari ya leo. Ukiunganisha redio ya kisasa au chaja ya simu bila kujua, utasikia harufu kabla ya muziki. Fundi wa umeme anaweza kuigeuza iwe hasi. Lakini aandike kwenye kibandiko na akibandike karibu na betri, kwa ajili ya atakayekuja baada yako.

Jiko la gesi la zamani ni salama?

Lenyewe mara nyingi ndiyo, mpira wake kamwe. Badilisha mpira, regyuleta na kila ungio, kisha mwite fundi mwenye leseni ya gesi akague. Usipike paa likiwa limefungwa: nafasi ni ndogo na turubai liko karibu na moto. Funga kengele ya kaboni monoksidi, na usilale jiko likiwaka kwa ajili ya joto hata siku ya baridi kali. Vumbi la breki za zamani nalo lina asbesto. Lilowanishe, usilipulize kwa upepo.

Nitumie petroli gani?

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inakula mipira ya zamani ya mafuta na kuacha utelezi kwenye kabureta. Nunua ile ya bei ya juu yenye E5, na ubadilishe mipira yote kwa inayovumilia ethanoli hata hivyo.

## Maswali yasiyo ya kila siku

Naweza kufunga injini ya dizeli?

Unaweza, na wengi wamefunga 200Tdi za Land Rover za baadaye. Utapanda milima bila kuomba dua. Ila utapoteza uhalisia, na mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kugusa msamaha wa ukaguzi niliousema juu. Maoni yangu: ukitaka 109 ya dizeli, tafuta 109 ya kawaida. Iache hii.

Nikiinunua Uingereza naweza kuipeleka Kenya au Tanzania?

Usukani uko upande uleule, hilo tu ndilo rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zungumza na wakala wa forodha kabla hujalipa senti, si baada ya meli kung'oa nanga. Tanzania mlango uko wazi zaidi, lakini ushuru wa uchakavu utaukuta umekaa pale mlangoni. Wanaokuja kwa safari na kurudi hutumia hati za muda, na hiyo ni hesabu tofauti.

Nina 109 nzima Arusha. Naweza kuagiza paa peke yake?

Hili naliulizwa zaidi tangu Arusha ifanye tamasha lake la Land Rover mwaka 2024, na ndilo swali ninalolipenda. Ndiyo, inawezekana. Kwa mafundi wa kule, chasisi na injini ya 109 si fumbo, na hewa kavu imetunza chuma ambacho Uingereza kingekuwa vumbi. Ukikata paa la bati unapunguza uimara wa bodi, kwa hiyo fremu ya ndani ya kuzunguka tundu ifungwe kabla ya kukata, si baada. Faiba isafiri ndani ya kreti la mbao, imelala, bila kitu juu yake.

Ila usiiite Dormobile siku ya kuiuza. Sema ni 109 yenye paa la Dormobile. Atakayeinunua akisoma jibu langu kuhusu kibati cha Martin Walter, atajua.

Inafaa safari ndefu?

Inafaa kama hujaahidi mtu saa ya kufika. Mwendo wake ni kilomita 70 hadi 80 kwa saa, zaidi ya hapo kelele inakatiza mazungumzo. Inakunywa kama lita 16 hadi 19 kwa kilomita 100. Breki ni za ngoma pande zote, kwa hiyo anza kusimama mapema kuliko unavyofikiri, na ukishuka mteremko mrefu shuka kwa gia.

Mvua ikinyesha usiku itavuja?

Turubai zuri halivuji. Kinachokudondokea saa kumi alfajiri ni pumzi yenu wenyewe iliyogeuka maji chini ya faiba, tone moja moja, kila mara kwa aliyelala machela ya juu. Acha kidirisha kimoja wazi kwa upana wa kidole, na weka taulo karibu.